Fumo Liyongo: Nguvu za Watu Mia, Sindano Moja



Ndugu msomaji, ukitoka msikitini baada ya tarawehe hapa Galu, ukapita kwa nyuma badala ya kufuata barabara, utawakuta vijana wetu wamejikusanya chini ya taa wanainua vyuma. Vyuma vyenyewe unavijua: mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji, katikati bomba. Kila mmoja anahesabu mara zake, mwenziwe anamcheka, na ubishi hauishi. Nani mwenye nguvu kuliko wote? Mmoja anamtaja mzungu aliyemuona kwenye simu akivuta lori kwa meno, mwengine anamtaja mpiga mieleka wa Marekani. Sijamsikia hata mmoja akimtaja mtu wa pwani yetu hii hii, ambaye bibi zetu walimjua kwa jina kabla hapajawa na stima wala televisheni. Basi leo, wakati unasubiri daku, nipe masikio nikusimulie habari za Fumo Liyongo.

Kwanza tuelewane jambo moja. Sisi ni watu wa sanad. Tukisikia hadithi ya Mtume (s.a.w.) tunauliza imepokewa na nani kutoka kwa nani. Habari za Liyongo hazina sanad ya namna hiyo. Ni masimulizi ya wazee, yaliyotembea kinywa kwa kinywa miaka mingi kabla ya kuandikwa. Mwaka 1870 Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, aliichapa hadithi yake katika kitabu cha ngano za Kiswahili. Kisha mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, fundi wa kuchonga milango na mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, akaitungia utendi, na huo ndio unaosomeshwa mashuleni. Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Wengine humrudisha nyuma mpaka karne ya 13, wengine humleta karibu zaidi. Kwa hivyo ukisikia hapa jambo linalopita kiasi, usinikamate shati. Nakupa kama nilivyopewa. Lakini kwamba alikuwapo mtu huyo, akatawala au akataka kutawala, akatunga mashairi na akaogopwa, watu wa upande wa Lamu hawana shaka.

Kwao ni huko mdomoni mwa mto Tana, sehemu inayoitwa Ozi. Palikuwa na miji ya Waislamu pale, Shaka na Ungwana, na magofu yake yapo mpaka leo karibu na Kipini. Liyongo alikuwa mtu wa Shaka. Fumo ni cheo, maana yake mkuu au mfalme, na neno hilo hilo ni mkuki katika lahaja za kale za huko. Cheo kilimstahiki na mkuki pia. Masimulizi yanasema alikuwa mrefu mno na mpana, na uso wake ulitisha hata mtu akikutana naye ghafla njiani miguu hukataa kwenda. Wakisema ana nguvu za watu mia, hawakusema kwa mzaha.

Ugomvi wake na jamaa zake ulikuwa wa urithi. Hapo sisi watu wa Kwale tunaweza kuelewa haraka kuliko wengi. Wapo wanaosimulia kuwa Mringwari, aliyepata ufalme, alikuwa ndugu yake kwa baba, na Liyongo alikuwa mkubwa ila mamake hakuwa mke wa daraja ya juu. Wapo wanaosimulia kuwa Mringwari alikuwa mtoto wa dada wa mfalme aliyekufa, na kwa mila ya zamani mpwa ndiye aliyerithi, ambapo kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kumzaa ana haki yake. Si unaona? Ni ile ile kesi ya mjomba na mpwa ambayo babu zetu Wadigo wamevutana nayo mbele ya makadhi na mbele ya wazee wa mila, shamba la minazi likiwa katikati. Watu wengine wanadhani mambo haya yalianza juzi.

Vyovyote iwavyo, Sultani wa Pate alimuogopa Liyongo. (Wengine husema Shanga, mji wa kisiwa hicho hicho.) Na mtu mwenye ufalme akimuogopa mtu mwenye nguvu, usingizi humruka.

Sasa tuje kwenye nguvu zenyewe, manake najua ndizo unazozingoja.

Siku moja Wagala walikuja Pate kununua chakula. Jina hilo ndilo la masimulizi. Wenyewe leo ni Waorma, na hilo la zamani hawalipendi. Sultani akawasimulia kuwa anaye mtu bara wa sifa kadha wa kadha. Wakakataa kuamini, wakataka wamuone kwa macho yao. Akaandikiwa barua. Kutoka Shaka mpaka Pate ulikuwa mwendo wa siku nne, na yeye, wanasema, aliufanya siku moja. Alipofika langoni alipiga panda, yaani baragumu. Ya kwanza ikapasuka kwa pumzi zake. Akachukua ya pili, nayo ikapasuka. Ya tatu ikastahimili, na mlio wake ukawaingiza watu majumbani mbio, na wale wageni waliokuwa wakibisha wakawa wa mbele.

Alikuwa amebeba mtambaa, mfuko wa safari. Akautua, akaanza kutoa vitu vyake kimoja kimoja. Kikatoka kinu na mchi wake. Yakatoka mawe ya kusagia, vyungu, sufuria, mafiga, na vyombo vya kila namna, mpaka nyumba ikajaa na vingine vikabaki nje. Nikisoma mahali hapo mimi hucheka. Mtambaa huo ni jikoni kwa mama mzima, na mtu amembebea begani kama wewe unavyobeba mfuko wa madrasa. Hata ukipunguza nusu, ukapunguza na nusu ya nusu, bado umebakiwa na mtu asiyebebeka. Jaribu wewe kinu kimoja tu cha mvule, utoke nacho Galu ufike nacho Ukunda, halafu uje tuzungumze.

Wagala walimtaka awe wao. Wakamuoza binti yao ili wapate mbegu ya nguvu ile, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku mtoto wa kiume. Mshike mtoto huyo akilini.

Baada ya hapo Sultani alitafuta njia ya kummaliza. Liyongo akahamia msituni, kwa Wasanye na Wadahalo, watu wa mishale, wawindaji. Sultani akawaletea habari wawindaji hao kwa siri: kichwa chake kina thamani ya riali mia. Wao hawakuthubutu kumkabili. Wakapanga kikoa, yaani kula kwa zamu, leo yangu kesho yako, na chakula chao kilikuwa makoma. Mkoma unaujua, ni ule mti wa jamii ya mnazi wenye matunda magumu ya rangi ya kahawia. Kila siku mmoja anapanda mkoma, wenziwe wanakula. Hila yao ilikuwa zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu amekumbatia mti kwa mikono miwili, wamfume mishale.

Muulize mkwezi yeyote wa hapa kwetu atakwambia: mtu akiwa juu ya mnazi hana nguvu. Mikono imeshika, miguu imeshika, mgongo uko wazi kwa walimwengu. Liyongo alilijua hilo bila kuambiwa. Zamu yake ilipofika aliuchagua mkoma mrefu kuliko yote, akasimama chini, akavuta upinde, akayaangusha makoma kwa mishale mpaka wakasema basi. Wasanye wakatazamana. Wakapeleka jibu kwa Sultani kuwa kazi ile haiwezekani, na riali mia zake akae nazo.

Mwisho walimnasa kwa kitu alichokipenda. Liyongo alikuwa mshairi na mchezaji wa gungu, ngoma ya waungwana ya zama hizo, na mialiko ya ngoma haikumpita. Alipokuwa mjini wakamshika, wakamfunga kwa minyororo na mkatale, wakamtia gerezani na walinzi mlangoni, na Sultani akapitisha kuwa auawe.

Hapa, ndugu yangu, ndipo ninapopenda hadithi hii kuliko kwenye panda na mtambaa. Mtu wa nguvu za watu mia amekaa chini, na nguvu zake hazina kazi. Anayemletea chakula ni kijakazi wa mamake, jina lake Saada. Kila siku mama anapika chakula kizuri, na kila siku walinzi wanakipokonya mlangoni, wanakula kile kitamu na kumwachia mfungwa masazo. Liyongo akawa na njaa. Akampa Saada maneno ya kumpelekea mamake, maneno yaliyofungwa ndani ya shairi ili walinzi wasikie mashairi tu: mama afanye mkate wa wishwa, mkate mkubwa wa makapi, na ndani yake atie tupa.

Mama akafahamu. Akapika viwili, chakula kizuri na ule mkate wa wishwa. Saada alipofika mlangoni walinzi wakachukua kile kizuri kama kawaida yao, wakaucheka mkate wa makapi, wakamrushia mwenyewe. Uroho wao ndio uliopitisha chuma mlangoni. Ukiwa umefunga leo utalipata vizuri jambo hili.

Ikabaki sauti ya tupa, manake chuma kikikatwa hupiga kelele. Liyongo akaomba, kama haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, ngoma ya gungu ichezwe nje ya gereza. Wakamkubalia. Mji mzima ukaja na ngoma, pembe na matwazi. Yeye ndani anaimba na wao nje wanaitikia, na chini ya kelele zile anakata mnyororo pole pole. Ulipokatika aliuvunja mlango akatoka, na waliokuwa wakicheza wakatawanyika. Akarudi bara kwake.

Hebu tusimame kidogo hapa. Wanazuoni wanatusimulia habari za Rukana, mbabe wa mieleka wa Makka aliyekuwa haangushwi, na Mtume wetu (s.a.w.) alishikana naye akamuangusha. Kwa hivyo dini yetu haikuja kuwadharau vijana wenye misuli. Lakini Mtume huyo huyo alitufundisha kuwa mwenye nguvu hasa si yule anayewaangusha watu, bali ni yule anayejimiliki wakati wa hasira. Nawaambia hayo kwa sababu Ramadhani hii hii nimeona ngumi zikirushwa saa kumi na moja jioni, kisa ni foleni ya mahamri. Liyongo alikaa gerezani na njaa yake, akaitumia hasira yake kutunga shairi.

Tumrudie yule mtoto.

Alikua, akawa barobaro, mzuri na mwenye nguvu kama babake. Akashuka Pate. Sultani akamkaribisha vizuri mno, akamweka karibu, akamlisha na kumvisha. Kisha siku moja akamwahidi: ataozwa binti wa Sultani, na atapewa cheo kikubwa katika ufalme. Anachotakiwa ni kitu kimoja kidogo tu. Amuulize babake ni kitu gani kinachoweza kumuua.

Kijana akakubali. Hakuna masimulizi yanayosema kuwa alimchukia babake, wala kuwa babake alimdhulumu. Alipewa ahadi, basi. Alikuwa katika umri ule ambao mtu mkubwa akikuita kwa jina mbele ya watu unajiona umefika. Sisi watu wa pwani ya kusini hatuwezi kujifanya hatujui habari hizi. Agosti 1997, vita vilipozuka Likoni na kuenea mpaka upande wetu wa Diani na Ukunda, waliotangulizwa mbele walikuwa vijana, waliokusanywa msituni kwa ahadi za ardhi na kazi. Watu wasio na hatia walichinjwa na kuchomewa nyumba zao. Miongoni mwa vijana wale wapo waliokufa, wapo waliofungwa, na wapo waliokimbia makwao. Binti wa Sultani hakuolewa na yeyote kati yao. Nanyi mnaosoma gazeti hili mtakuja kuitwa, kila baada ya miaka mitano, na gari lenye vioo vyeusi, na mtasifiwa vifua vyenu.

Kijana akarudi kwa babake, akamuuliza. Na Liyongo, ambaye mishale ya Wasanye aliinusa kabla haijatolewa podoni, alijua mara moja kwa nini anaulizwa. Masimulizi hayaachi shaka juu ya hilo. Alijua kuwa mwanawe ametumwa na alijua kuwa atadanganywa. Akamwonya. Kisha akamwambia ukweli: hauawi kwa mkuki wala kwa upanga, ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Kwa nini alimwambia? Nimewahi kulisikia swali hili likipiga baraza mpaka maji ya kahawa yakapoa. Wengine husema alichoka kukimbia. Mimi nimeona mababa wengi, na naona kuwa alimwambia kwa sababu mtoto alimuuliza. Kuna mtu ambaye ukimficha kitu huwa umeshampoteza, na labda Liyongo aliona bora apoteze uhai.

Habari zikafika Pate, sindano ikaletwa. Kijana akakaa na babake siku kadhaa, akila naye na kulala nyumba moja naye. Mchana mmoja Liyongo akapitiwa na usingizi mzito amelala chali. Mtoto akamchoma, akakimbia.

Liyongo aliamka kwa uchungu. Hakumfuata. Akachukua upinde na mishale, akatoka akaenda karibu na kisima ambapo watu wa mji huteka maji. Akapiga goti moja, akatia mshale kwenye upinde, akauvuta kama mtu anayetaka kufuma, na roho ikamtoka akiwa vivyo hivyo.

Watu wakaja na mitungi, wakamuona, wakarudi mbio. Wakajua amekasirika na leo atamaliza mji. Siku ya pili hakuna aliyeteka maji, wala ya tatu. Mji mzima unakaa na kiu, unamchungulia maiti kutoka mbali. Yule Sultani aliyekuwa haogopwi na mtu yeyote akawa hana la kufanya. Mwishoni wakamwendea mamake Liyongo, mzee wa watu, wakamwomba azungumze na mwanawe, huenda kwake akalegea.

Mama akaenda. Akasimama mbali kidogo naye, akambembeleza kwa mashairi kama alivyokuwa akimbembeleza utotoni, akimsihi apoe. Mwana hakugeuka. Mama akarudi nyumbani akilia, akidhani mtoto wake amemkasirikia hata yeye. Baada ya siku nyengine maiti ikaanguka yenyewe, watu wakasogea, wakaiona sindano.

Yule kijana hakupata binti wala cheo. Katika hadithi aliyoichapa Steere watu wa mji walimkamata wakamuua, hata ufalme asiupate. Wengine husimulia kuwa alidhoofu kwa ugonjwa na majuto, akafa kwa kina mamake. Jina lake wasimulizi wengi hawalitaji.

La babake linatajwa. Kuna mashairi ya kale ya Waswahili ambayo hunasibishwa naye yeye mwenyewe, na watu wa Kipini huonyesha kaburi lake karibu na bahari. Vijana wa chama wakijaaliwa kufanya ziara ya Lamu baada ya Idi, gari likifika Witu ulizeni njia ya Kipini. Mama yake amezikwa wapi, nimeuliza wengi, na wote wamenionyesha kaburi la mwana.